Gari la misuli lililoongezwa nguvu: maswali ambayo wanunuzi wa Uganda hutuuliza kila mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kukagua, kununua au kuandika habari za gari la V8 (injini ya silinda nane) la Kimarekani ambalo limeshafunguliwa na kufungwa vitu ambavyo kiwanda hakikuviweka: supachaja au turbo (mashine za kuisukumia injini hewa zaidi), kamshafti kali, ekzosi ya wazi, programu mpya ya kompyuta. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani lina vipimo vinavyosomeka popote. Hili jingine lina vipimo vyake peke yake, na mara nyingi anayevijua ni fundi mmoja tu.

Gari la misuli ni lipi hasa? Subaru yangu imo?

Kwa asili ni gari la Kimarekani la milango miwili, la ukubwa wa kati, lenye V8 kubwa inayosukuma magurudumu ya nyuma. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya 1964, iliyopewa injini ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4, ndani ya bodi ya gari la kawaida la familia. Mustang ilizinduliwa Aprili mwaka huohuo. Wazee wa mambo haya huko Marekani hubisha kwamba Mustang ni ya tabaka jingine kabisa. Ubishi huo tuwaachie wenyewe.

Subaru haimo, ingawa hapa kwetu ukitaja gari la kasi wengi hufikiria Impreza ya rali ikitimua vumbi. Ina silinda nne na inavuta kwa magurudumu yote. Lakini yaliyoandikwa hapa chini kuhusu petroli, joto na kompyuta yanaihusu moja kwa moja. Ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, unaweza kuyaruka.

Kwa nini mifano yenu mingi ni Mustang?

Usukani. Uganda tunaendesha kushoto, na Mustang ya kizazi kilichoanza na modeli ya 2015 ndiyo ya kwanza ambayo Ford yenyewe iliitoa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia. Ziliuzwa Uingereza na Australia, kwa hiyo zimeingia kwenye soko la magari yaliyotumika.

Dodge Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Ukiona yenye usukani wa kulia, ujue kuna karakana iliyolikata lile gari, na ukaguzi wako uanzie hapo kabla hujauliza lolote kuhusu injini. Tazama ukuta unaotenganisha injini na sehemu ya abiria: kulehemu kuwe safi, pasiwe na kutu wala silikoni ya kuzibia. Fuata shafti ya usukani kiungo kwa kiungo. Wengine huacha silinda ya breki upande wake wa zamani wa kushoto na kupitisha chuma nyuma ya dashibodi ili kiunganishe pedali ya kulia nayo. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Pedali ikiwa kama inapinda au inarudi polepole, hapo pamekwisha.

Tunashangaa kwamba watu hawatafuti magari ya Australia, maana yalizaliwa na usukani wa kulia. HSV GTS ya 2013, kwa mfano, ilitoka kiwandani na V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, kilowati 430, ambazo ni kama nguvu za farasi 576, au farasi tu kama tusemavyo. Milango minne, buti kubwa, na familia yote inaingia.

Mwenye gari anasema lina farasi 700. Nimwamini?

Muulize kwanza: farasi wa wapi, na waliopimwa lini?

Kuna farasi wa kwenye krenki, yaani shafti ya injini yenyewe, na farasi wa kwenye tairi. Kiwanda hutangaza wa krenki. Daino ya rola, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama, hupima wale waliofika kwenye tairi baada ya gia boksi, propela shafti na difu kula sehemu yao, ambayo kwa gari la kusukuma nyuma hukadiriwa asilimia 15 hivi. Muuzaji mjanja huchukua namba ya tairi, akaizidisha apendavyo, akakupa ya krenki.

Kisha kuna mwinuko, na hapa ndipo Uganda inapotofautiana na matangazo yote unayoyasoma. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 11 hadi 13, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Ukipanda Kabale, ambako ni karibu mita 2,000, utapoteza zaidi. Supachaja inayozungushwa na mkanda haikuokoi: inazunguka kwa uwiano uleule wa puli, inabana hewa ileile nyepesi, na presha inashuka. Turbo ina nafuu, kwa sababu inaweza kuzunguka kasi zaidi na kufidia, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake. Basi fanya hesabu. Farasi 700 wa krenki waliopimwa karibu na usawa wa bahari wanakuwa kama 615 wakifika Kampala, na kwenye tairi unabaki na 520 hivi. Gari halijaibiwa kitu. Kampala ndiyo iliyo mlimani.

Sasa omba karatasi ya daino na usome pembeni, pale ambapo watu hawasomi. Ikiandikwa SAE, namba imesahihishwa ili ionekane kama imepimwa kwenye joto la nyuzi 25 na presha ya kilopaskali 99. Ikiandikwa STD, imesahihishwa kwa masharti mepesi zaidi na itakuwa juu kwa asilimia nne hivi bila boliti yoyote kubadilishwa. Kwa gari la turbo usahihishaji huo huipendelea injini mno, kwa sababu turbo imeshafidia sehemu ya mwinuko na kompyuta ya daino inaifidia tena. Sisi tunapendelea namba isiyosahihishwa, iandikwe na mahali ilipopimwa. Ni ndogo, haipendezi kwenye tangazo, lakini ndiyo inayosukuma gari utakalolipeleka nyumbani.

Jambo jingine kwa wapenzi wa magari ya zamani. Kabla ya 1972 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyo uchi mezani, bila vifaa inavyovizungusha ndani ya gari na bila ekzosi yake halisi. Kwa hiyo farasi 375 wa 1969 si ndugu wa farasi 375 wa leo.

Sina daino karibu. Kuna njia nyingine?

Ipo, ila inahitaji mahali palipofungwa. Pima uzito wa gari pamoja na dereva, kisha kifaa cha GPS kisome spidi yake mwishoni mwa robo maili, ambayo ni mita 402. Spidi ya mwishoni inaeleza nguvu vizuri kuliko muda, kwa sababu muda huharibiwa na tairi kuteleza wakati wa kuondoka. Gari la kilo 1,800 likimaliza kwa kilometa 193 kwa saa, kwa kanuni ya kawaida ya mbio hizo lina farasi 530 hivi. Likimaliza kwa 170, hadithi ya 700 imeishia hapo.

Mahali palipofungwa maana yake ni mashindano au majaribio yenye kibali, gari la wagonjwa na watu wa kuzuia njia. Barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe siyo mahali hapo. Kikomo chake ni kilometa 100 kwa saa, na muuzaji anayekwambia "twende tukaijaribu Expressway usiku" amekueleza jinsi gari lake lilivyotunzwa.

Nianze ukaguzi wapi?

Anza na injini baridi. Mwambie mwenyewe wazi kwamba asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti na rejeta. Ukikuta ya moto, rudi siku nyingine, maana kuna kelele ambazo husikika dakika ya kwanza tu na baadaye hunyamaza.

Soma namba ya chesisi kabla ya kusoma nembo. Ina tarakimu na herufi 17, na kwa magari ya soko la Marekani herufi ya kumi ni mwaka wa modeli: F ni 2015, G ni 2016, H ni 2017. Tunasisitiza hili kwa sababu Mustang za kizazi hicho ziliuzwa pia na injini ya silinda nne ya lita 2.3, na nembo ya 5.0 inauzwa kama mapambo mengine. Fungua boneti uhesabu koili za plagi. Silinda nane, koili nane.

Kisha chomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Magari ya Marekani yote tangu modeli ya 1996 yana soketi ya OBD-II chini ya dashibodi. Usitazame misimbo ya hitilafu peke yake, maana kuifuta ni kazi ya sekunde chache. Tazama ukurasa unaoonyesha kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mengi yakiwa bado, kuna mtu amefuta kumbukumbu au amechomoa betri muda si mrefu uliopita, na una haki ya kuuliza kwa nini. Kwa gari lililopewa programu mpya, uliza nani aliiandika, kwa petroli gani, na kama faili la awali lipo. Fundi wa kweli hutunza faili.

Chomoa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ifanane. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe, hiyo mara nyingi ni alumini ya pistoni, na maana yake injini imekuwa ikigonga, yaani petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Pima presha ya kila silinda, lakini usiogope ukikuta namba ziko chini ya kitabu: kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, kaa chini mzungumze upya kuhusu bei. Mwisho, kama mwenyewe atakubali oili ibadilishwe, kata filta ya zamani uikunjue juani. Vumbi la kumeta ndani yake linakueleza mengi kuliko karatasi ya daino.

Kwa Coyote, yaani V8 ya lita 5 ya Mustang, kuna swali moja la lazima: gia za pampu ya oili zilibadilishwa? Za kiwandani ni za chuma cha unga kilichoshindiliwa, na ukiongeza supachaja na mizunguko mikubwa zinaweza kupasuka. Pampu ikifa, injini inaifuata muda uleule. Anayejenga kwa akili huweka za chuma kilichochongwa kabla ya kufunga supachaja. Asiyejua swali hili maana yake nini hakuijenga yeye.

Petroli ya hapa inatosha?

Inategemea programu iliandikwa kwa petroli ipi, na kuna mtego. Namba ya oktani, inayoonyesha petroli inavyostahimili kugonga, kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Sisi tunatumia RON peke yake. Ile "93" ya Marekani inakaribia RON 98. Kwa hiyo programu ya "93" iliyonunuliwa mtandaoni kutoka Texas, ukiijazia petroli ya kawaida ya Kampala kwa kuona namba zinafanana, inaweza kuitoboa pistoni. Na Coyote haina uvumilivu mwingi hapo: ukandamizaji wake ni 11 kwa 1 kwenye modeli za 2015 hadi 2017, na 12 kwa 1 kuanzia 2018, kabla hujaongeza presha yoyote.

Tunachotaka kuona ni gari lililoandikiwa programu kwa mafuta yanayopatikana Kampala, likapunguziwa taimingi, yaani wakati wa kuwasha cheche, inavyostahili. Litapoteza farasi kadhaa, na wapotee tu. Ama yale yaliyojengwa kwa E85, ethanoli asilimia 85, kama Dodge Demon 170 ya 2023 iliyotangazwa na farasi 1,025 kwa mafuta hayo, hapa hutayapatia pampu ya kujazia. Mwenye gari kama hilo aonyeshe programu ya pili ya petroli ya kawaida, na ndiyo utakayoitathmini.

Uliza pia kuhusu pampu ya mafuta na injekta. Farasi wengi hunywa sana, na pampu ya kiwandani ikiishiwa pumzi juu ya mizunguko 6,000, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, pale ambapo joto ni kali zaidi.

Gari halichemki likiwa barabarani. Foleni je?

Foleni ndiyo mtihani wetu tunaoupenda, na hauvunji sheria yoyote. Saa kumi na moja jioni, kutoka mjini kupitia Jinja Road hadi Nakawa, kiyoyozi kimewashwa. Hakuna upepo, feni zinafanya kazi peke yake, na supachaja imekaa juu ya V8 kama sufuria juu ya sigiri. Skana isome vitu viwili: joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Maji yakitulia ni vizuri, ila watu wengi huishia hapo. Hewa inayoingia ikipanda sana, kompyuta hurudisha taimingi nyuma ili kuilinda injini, na gari la farasi 600 linakuwa la 450 bila taa yoyote kuwaka.

Ukitoka kwenye foleni, mahali halali penye mlima, kanyaga gia ya tatu. Rudia mara ya pili na ya tatu bila kupumzisha. Tofauti kati ya mara ya kwanza na ya tatu ndiyo tathmini yenyewe. Sisi huiandika kabla ya kuandika farasi. Gari ambalo mara ya tatu linavuta karibu kama mara ya kwanza lilijengwa na mtu aliyefikiria rejeta, feni na pampu ya maji ya kupozea hewa.

Gia boksi, klachi na difu?

Nguvu mpya hutafuta kiungo dhaifu. Mustang ya gia za mkono ilikuja na gia boksi ya MT82, ambayo hata kwa nguvu ya kawaida ina walalamikaji wengi. Ingiza gia ya pili kutoka ya kwanza haraka, injini ikiwa baridi na kisha ikiwa moto, usikilize mkwaruzo. Kwa klachi, weka gia ya tano kwenye mwendo wa polepole ukanyage: mizunguko ikipanda na spidi ikabaki, diski imekwisha. Difu inayolia ukiachia mafuta inaomba fundi. Ukisikia "tok" unapobadilisha kutoka rivasi kwenda mbele, angalia bushi na viungo vya propela shafti.

Breki na tairi zina umuhimu gani kama sikusudii kukimbia?

Zina umuhimu kuliko supachaja. Nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa spidi: kulisimamisha kutoka 200 ni kazi mara nne ya kulisimamisha kutoka 100, kwa diski zilezile. Gari lililoongezwa farasi 250 likaachiwa breki za zamani halijakamilika, na huwa tunaandika hivyo hata kama mwenyewe ni rafiki.

Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi laini za mbio za mstari mnyooka, zenye mifereji michache, zinashika ajabu kwenye lami kavu. Mvua ya Aprili ikianza Kampala, zinaelea. Mnunuzi wa hapa adai seti ya pili ya tairi za mvua ndani ya bei.

Matuta?

Yatakula ekzosi na bampa la mbele. Pima kimo kutoka lami hadi sehemu ya chini kabisa, kisha upite tuta la mtaa wako, si la mtaa wa muuzaji.

Spea zinapatikana soko la Kisekka?

Za Toyota na Subaru, ndiyo, hadi usiku. Za Mustang, pedi na filta utabahatika; koili, injekta au mkanda wa supachaja utaagiza nje na kusubiri. Mafundi wa Katwe wanakunja na kulehemu bomba vizuri sana, ekzosi wapelekee wao. Ila gari la aina hii liuzwe na orodha ya vipande vilivyofungwa, jina la mtengenezaji na namba ya kipande. Bila orodha, siku mkanda ukikatika hujui hata urefu wa kuagiza, kwa sababu puli si ya kiwandani.

Na karatasi?

Namba ya chesisi, namba ya injini na rangi kwenye logibuku vilingane na gari lililo mbele yako. Injini ikibadilishwa na karatasi hazikubadilishwa, tatizo ni lako tangu dakika unayolipa. Kama gari bado liko nje ya nchi, kumbuka marekebisho ya sheria ya 2018 yalizuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, kwa hiyo ndoto ya kuagiza Charger ya 1969 ipeleke kwanza kwa wakala wa forodha, ikiwa bado ndoto. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Ukitaka bima kubwa, taja marekebisho yote kwa maandishi. Kampuni isiyojua kuna supachaja itaijua siku ya ajali, na hiyo si siku nzuri ya kujuana.

Muuzaji anakataa nisichomeke skana. Anasema itafuta programu.

Skana ya kusoma haiandiki kitu kwenye kompyuta. Mweleze hivyo kwa adabu, kisha mpendekezee achomeke ya kwake, mkono wake mwenyewe, wewe usimame dirishani utazame. Wenye magari safi hukubali, na wengine huishia kukuonyesha rekodi zao za mwaka mzima kwa fahari hadi ukachoka. Akikataa na hilo, mshukuru kwa muda wake, chukua boda urudi zako.